Msomaji Mwanafunzi kama Hakimu: Upokezi wa Kusadikika na Rosa Mistika katika Darasa la Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mwanafunzi anavyozipokea riwaya mbili za Kiswahili ambazo kila moja ina mahakama ndani yake: Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Hoja kuu ni kwamba Kusadikika inampa msomaji hukumu mapema kupitia majina ya wahusika, ilhali Rosa Mistika inamnyima msaada huo na kumlazimisha kuichunguza hukumu yake mwenyewe. Mwanafunzi anayezisoma riwaya zote mbili kwa kigezo kimoja huipata ya kwanza na kuikosa ya pili. Makala inapendekeza kwamba mwitiko wa awali wa mwanafunzi uchukuliwe kuwa mwanzo wa uchambuzi, si kosa la kusahihishwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi katika shule za sekondari huingia darasani akiwa na kiunzi alichokwisha kupewa: fani kwa upande mmoja na maudhui kwa upande mwingine. Chini ya fani huorodhesha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui hutafuta dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Kiunzi hiki kina manufaa. Humpa mwanafunzi istilahi, humwongoza mahali pa kutazama na humwezesha mwalimu kusahihisha kwa haki kazi za darasa kubwa.

Hata hivyo, kiunzi hicho kina athari isiyozungumzwa sana. Kipengele cha ujumbe humtaka mwanafunzi afike mwisho wa riwaya akiwa na sentensi moja ya maadili mkononi. Msomaji anayejua kwamba atadaiwa ujumbe huanza kuutafuta tangu ukurasa wa kwanza, na wahusika huwa kwake mashahidi wa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Riwaya mbili zinazojadiliwa hapa zinafaa kuonesha jambo hilo kwa sababu zote mbili zinaiweka kesi wazi mbele ya msomaji.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Ufafanuzi huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, iliyositawi Ujerumani miaka ya 1960 na 1970 kupitia Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser wa Chuo Kikuu cha Konstanz. Kwa Jauss, msomaji huikabili kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mazoea na maarifa yanayomfanya ategemee jambo fulani kutoka kwenye matini. Kwa Iser, matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza anaposoma, na maana hupatikana katika kukutana kwa matini na msomaji.

Mihimili hiyo miwili inatosha kueleza hali ya mwanafunzi. Upeo wake wa matarajio umejengwa na ngano za nyumbani, methali, mafundisho ya dini na kiunzi cha mtihani. Vyote hivyo vimemzoeza hadithi inayotoa funzo. Swali la makala hii ni kinachotokea riwaya inapouridhisha upeo huo, na kinachotokea inapouvunja.

3.0 Kusadikika: Jina kama Hukumu

Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka taaluma ya sheria ifundishwe nchini mwake. Mshitaki wake ni waziri Majivuno. Utetezi wa Karama unajengwa kwa visa vya wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, kisha wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi na kuishia kifungoni. Mwishoni Karama anashinda, na wajumbe wanafunguliwa.

Mwanafunzi haisomi kesi hii kwa wasiwasi. Majina yamekwisha kumwambia nani ni nani. Mtu aitwaye Majivuno hawezi kuwa na hoja nzuri, na aitwaye Karama hawezi kuwa mhaini. Kwa hiyo shughuli ya msomaji si kuamua nani ana haki, bali kuelewa kwa nini nchi nzima inashindwa kuona kile anachokiona yeye. Hapo ndipo penye nguvu ya riwaya hii iliyochapishwa wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza: udhalimu unaonekana dhahiri, ila hakuna anayeruhusiwa kuusema. Kiunzi cha ujumbe na msimamo kinafaa hapa, kwa kuwa riwaya yenyewe imejengwa kwa misingi hiyo.

4.0 Rosa Mistika: Jina Lisilohukumu

Kezilahabi aliifahamu vyema sanaa ya mtangulizi wake. Tasnifu yake ya umahiri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Katika riwaya yake ya kwanza, hata hivyo, jina la mhusika mkuu linafanya kazi kinyume. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya heshima ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Mwanafunzi aliyetoka kusoma Kusadikika hutarajia usafi, kisha hukutana na binti wa Ukerewe anayepigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana, na ambaye akiwa mbali na nyumbani anaangukia mikononi mwa wanaume wenye umri na madaraka. Charles anapokataa kumwoa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua. Baada ya kifo, binti na baba wanakabiliana mbele ya hukumu ya Mungu.

Mwitiko wa kwanza wa mwanafunzi huelekea kuwa hukumu dhidi ya Rosa: alipewa nafasi ya elimu akaichezea. Mwitiko wa pili hugeukia kwa Zakaria, na methali huja upesi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jibu hili hukubalika darasani, na mara nyingi mjadala huishia hapo. Lakini methali nyingine ya malezi, samaki mkunje angali mbichi, ingeweza kutumiwa na Zakaria mwenyewe kujitetea, kwa kuwa kumkunja mwanawe ndiko alikodhani anakufanya. Methali mbili zinazoheshimiwa sawa zinamtia hatiani na kumwachilia mtu yuleyule. Mwanafunzi anayeligundua hilo ameliona pengo ambalo ujumbe wa sentensi moja hauwezi kulijaza.

Kutokana na pengo hilo huzaliwa mwitiko wa tatu. Bwana Maendeleo Deogratias, anayeitumia hadhi yake kumpata Rosa, halaumiwi kwa methali yoyote ya malezi. Charles, anayedai ubikira bila yeye mwenyewe kudaiwa kitu, hushtumiwa mara chache katika majibu ya mtihani. Kesi ya Rosa inakuwa na washitakiwa wengi kuliko nafasi zilizopo kizimbani, na mwanafunzi anajikuta akiulizwa kwa nini hukumu yake ya kwanza ilimwangukia aliye dhaifu kuliko wote.

Swali hili halikubaki vitabuni. Rosa Mistika yenyewe ilipigwa marufuku kutumiwa shuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada Tanzania na Kenya. Vilevile, hadi Novemba 2021 mwanafunzi wa kike wa Tanzania aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurejea katika shule ya mfumo rasmi. Kwa miaka mingi, basi, riwaya hii ilisomwa katika madarasa ambamo kiti cha msichana mmoja kingeweza kubaki kitupu, huku mwanamume aliyehusika hatajwi. Kwa wasomaji hao, kuamua nani alaumiwe halikuwa zoezi la kutafuta alama tu.

5.0 Athari kwa Ufundishaji

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mwanafunzi aandike hukumu yake mara amalizapo kusoma, kabla ya mwongozo wowote, ili awe na kitu cha kukirejea. Pili, arudi kwenye matini kutafuta ushahidi unaoipinga hukumu hiyo. Sharti hili ni muhimu, kwani uhuru wa msomaji si ruhusa ya kusema lolote. Mapengo ya matini yana mipaka inayowekwa na matini yenyewe. Tatu, riwaya hizi mbili zifundishwe kwa kulinganishwa, ili ionekane kwamba kigezo kinachofaa kazi moja huweza kuipofusha nyingine.

6.0 Hitimisho

Kusadikika inamfundisha mwanafunzi kuitambua mahakama dhalimu akiwa nje yake. Rosa Mistika inamkalisha kwenye kiti cha hakimu na kumwonesha kwamba yeye pia anaweza kudhulumu. Mafunzo hayo mawili yanahitajiana. Kiunzi cha fani na maudhui kinaweza kuyabeba yote, mradi kipengele cha ujumbe kisifungwe kabla msomaji hajapata nafasi ya kubadili uamuzi wake.