Kipima Joto cha Maji ya Motokaa

Wenye motokaa wengi hulalamika kwamba gari limeanza kula petroli kupita desturi, latoa moshi mweusi, na asubuhi lawaka kwa shida. Mara huambiwa wabadili plagi, mara pampu, mara injini ifunguliwe yote. Fedha zatoka, na ubovu uko pale pale. Twapenda leo kueleza habari za kitu kidogo ambacho pengine ndicho chenye kosa, nacho ni kipima joto cha maji, ambacho mafundi hukiita sensa.

Kazi yake ni ya mjumbe. Hukaa katika njia ya maji ya injini na kuipasha kompyuta ya gari habari za joto. Maji yakiwa baridi, huuzuia umeme sana. Yakipata moto, huuachia upite. Kompyuta ikiambiwa injini ni baridi, huongeza petroli. Basi mjumbe akisema baridi hali injini ni moto, petroli hupotea bure na moshi huwa mweusi. Akisema moto hali ni baridi, petroli hupunguzwa, na gari hukataa kuwaka alfajiri.

Uchunguzi wake ni huu. Kwanza, injini ikiwa baridi, tazama kama maji yametimia. Mtu asithubutu kufungua kifuniko cha rejeta ingali moto, maana mvuke utamwunguza uso. Pili, tazama nyaya za sensa, kama zimekatika au zina kutu.

Tatu, asubuhi kabla ya kuwasha, fundi asome kompyuta kwa chombo chake. Gari lililolala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa hukaribiana. Ikiwa chombo chaonyesha digrii 40 chini ya sifuri, hapana shaka ni uongo: ama waya umekatika, ama sensa imekufa.

Nne, sensa na itolewe, itiwe katika sufuria ya maji pamoja na themometa, ipimwe kwa mita ya umeme huku maji yakipashwa moto. Katika Toyota nyingi, kwa digrii 20 mita huonyesha omu 2,000 hadi 3,000. Kwa digrii 80, omu 200 hadi 400. Hesabu isiposhuka kadiri joto lipandavyo, sensa ni mbovu.

Lakini tuangalie jambo moja. Themostati ikikwama wazi, maji hayapati moto sawasawa, na sensa isemayo baridi yasema kweli. Kadhalika mshale wa joto ukipanda hadi penye alama nyekundu, usidhani ni uongo: simamisha gari, zima injini, ungoje ipoe. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nasi twasema, asibadilishwe kabla ya kupimwa, wala asipuuzwe aletapo habari ya hatari.