Sura ya Nne: Kujiandaa kwa Windo la Kwanza

Anayetaka kuwinda kwa mara ya kwanza huanza kwa kuulizia bunduki. Mimi swali hilo naliacha mwisho. Kwa mtu anayepitia Mbale kwenda Hifadhi ya Wanyamapori ya Pian Upe, karatasi ndizo za kwanza, kisha miguu na macho.

Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979. Ulirejeshwa kwa majaribio mwaka 2001, katika ardhi za wafugaji zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Leo haki ya kuwinda hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, na mwindaji huenda na kampuni yenye kibali, chini ya mgawo unaotaja ni wanyama gani na wangapi. Omba kuuona mgawo huo kwa macho yako kabla ya kulipa hata shilingi. Mtu akikuambia mambo yataelewekana huko huko porini, muage. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2019, kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka linaweza kumpeleka mtu jela maisha, au kumtoza faini ya hadi shilingi bilioni 20. Bunduki nayo ina sheria yake, ya mwaka 1970. Kama unaingia nayo kutoka nje, hakikisha namba iliyochongwa kwenye chuma ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu.

Njia yenyewe haina shida. Ukitoka Kampala unavuka Nile pale Jinja kwa daraja la nyaya lililofunguliwa 2018, unapita Iganga, kisha unashika barabara ya Tirinyi katikati ya mashamba ya mpunga hadi Mbale. Maliza manunuzi hapo: chumvi ya mawe ya kutosha kwa ngozi, kamba, maturubai, betri, dawa ulizoandikiwa na daktari, ya malaria ikiwamo. Mbele ya Muyembe, ukiuacha Mlima Elgon na kuelekea Nakapiripirit, maduka ni machache. Nenda kati ya Desemba na Machi. Nyasi huwa fupi na unamwona mnyama mzima. Mvua zikishaanza, udongo mweusi wa mbuga hunasa gari mpaka ekseli.

Wawindaji wamepita huku zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell alizunguka Karamoja na wapagazi akiwinda tembo, na huko aliwakuta wafanyabiashara Waswahili wa pembe waliokwisha kuweka kituo. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na sitaki mtu asome habari hiyo kwa kumtamani. Mgawo mdogo wa leo ni deni tuliloachiwa na watu wa zama zake. Lakini kuna alilofanya linalofaa kufundishwa. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, ndiyo maana aliweza kutumia risasi ndogo ambayo wenzake waliidharau. Alimjua mnyama kabla ya kumlenga.

Basi mjue pofu. Hata kama mgawo wako ni wa kongoni au tohe, pofu ndiye mwalimu mzuri kwa mwanafunzi, kwa sababu humlazimisha kutazama. Kule kaskazini mwa Kanada na Alaska, wawindaji wa karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu, wanakutana na fumbo kama la pofu: jike naye ana pembe, na miguu ya mnyama hutoa mlio anapotembea. Pofu dume akipita karibu utasikia tiki, tiki, kabla hujamwona. Pembe pekee zisikudanganye, maana za jike mara nyingi ni ndefu kuliko za dume, ila nyembamba. Tazama paji la uso: dume mzee ana kishungi cha manyoya meusi, mazito. Shuka shingoni, ngozi inaning'inia. Rangi yake imeacha uhudhurungi na kuelekea kijivu. Ukiwa na shaka baada ya hayo yote, teremsha bunduki. Kiongozi mzuri atakusifu kwa hilo, na asiyekusifu hakufai.

Pofu hutembea sana, nawe utamfuata juani. Kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla: tembea kila asubuhi na viatu vile vile utakavyovaa, mzigo mgongoni, mpaka visikuume tena. Mazoezi ya shabaha yafanye ukiwa umesimama, bunduki juu ya vijiti vitatu, pumzi ikiwa juu baada ya kukimbia kidogo. Kupiga ukiwa umeketi mezani kunasaidia kurekebisha darubini, basi. Jizoeze kulenga nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua, kwa umbali usiozidi mita 150.

Mnyama akianguka ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo nimewaona wengi wakiduwaa. Mwindaji wa karibuu ana baridi ya kumsaidia. Huku joto huharibu nyama kwa saa chache. Pofu dume anaweza kupita kilo 700. Visu viwe vimenolewa tangu kambini, na watu wa kuchuna wajulikane kwa majina. Toa matumbo mara moja, chuna, gawanya mapande, tundika kivulini penye upepo, funika kwa kitambaa chepesi nzi wasitue.

Baadhi ya watu utakaokuwa nao huenda ni Waislamu. Waulize mapema wanataka iweje: mpigaji aseme bismillahi kabla ya kufyatua, na mnyama akikutwa hai achinjwe na nani. Majirani wa hifadhi ni Wapian na Wapokot wa Upe, ambao jina la hifadhi limetokana nao. Kabla hujaondoka Mbale, ulizia nyama itagawanywaje kwao na nani atasimamia, na uandike majibu hayo kwenye mkataba.