Silikanti wa Kigombe

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kigombe, kusini ya Tanga. Alitega jarife, wavu wa kina kirefu, akitaka papa, akapandisha samaki mzito, magamba magumu, rangi ya buluu yenye madoa meupe. Mapezi yake yalikuwa na shina la nyama, kama vijiguu. “Huyu si wa bahari hii,” alituambia.

Kumbe ni silikanti, wa bahari hii hii. Wataalamu walimjua kwa alama zilizobaki katika mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na madainosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Kisha Desemba 1938, meli ya uvuvi ikamleta East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho, akamwona kwenye lundo la samaki, akampakia kwenye teksi. Dereva akalalamikia harufu. Profesa J.L.B. Smith akamtambua, halafu akasubiri miaka 14 kumpata wa pili, kisiwani Anjouan, Komoro. Wangazija wala hawakushangaa: kwao ni gombesa, wanamjua tangu mababu.

Kwa kawaida huishi kwenye mapango ya chini ya bahari, kina cha mita 150 na zaidi, ndiyo maana nyavu za kawaida hazimfikii. Huzaa watoto hai, na mimba yake yakadiriwa kuchukua miaka mitano. Piga hesabu mwenyewe jarife moja linaharibu nini. Mwaka 2009 serikali ilitenga hifadhi ya bahari Tanga kwa ajili yake.

Mjomba alionja kipande. Mafuta matupu, alisema, afadhali ugali na chumvi.