Mvumo wa Gitaa la Umeme na Namna ya Kuitafuta Asili Yake

Mkoa wa Tanga ni maskani ya zamani ya gitaa la umeme. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilivuma kutoka mjini Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966, kabla ya kuhamia Arusha na kisha Nairobi, walikoiunda Simba Wanyika. Na taarabu ya mji huohuo, mikononi mwa Black Star Musical Club, ilithubutu kuliingiza gitaa la umeme na besi katika uimbaji wake. Vijana wanaopiga leo katika kumbi za harusi za Korogwe na Handeni, na wale wanaoziongoza kwaya kwa magitaa yao kila Jumapili, ni warithi wa jadi hiyo, wajue wasijue. Na urithi wenyewe una sharti moja lisilotajwa mara nyingi, nalo ni utulivu. Katika muziki wa dansi, gitaa la solo, la ridhimu na la besi husemezana kwa zamu, kila moja likiliachia jingine nafasi, hata kimya kifupi kilicho baina ya sauti na sauti kikawa sehemu ya wimbo kama sauti zenyewe zilivyo. Amplifaya inayovuma hukijaza kimya hicho, na msikilizaji, ingawa hawezi kueleza kilichoharibika, huhisi kwamba wimbo umezibwa.

Mpigaji anayeudhiwa na kelele hizo aghalabu hukimbilia dukani kutafuta pedali ya kuzimisha kelele. Huko ni kuianza kazi mwishoni. Kelele za gitaa zina asili mbalimbali, na kila asili ina tiba yake ambayo haiifai nyingine. Basi la kwanza ni kubagua. Chomoa waya wa jeki kwenye amplifaya, uiache ikiwaka peke yake, usikilize. Ikiwa inavuma hivyo hivyo ilhali hakuna kilichounganishwa nayo, ila imo ndani yake, na fundi aifungue. Ikiwa imenyamaza, unganisha gitaa moja kwa moja bila ya pedali hata moja, kisha ushushe voliumu ya gitaa hadi mwisho: kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa gitaa lenyewe; ikibaki, utazame waya wa jeki. Hatimaye rudisha pedali moja baada ya moja, ukitega sikio kila mara. Kazi hii haimgharimu mtu chochote, na mimi huithamini kuliko vyombo vingi vinavyouzwa.

Kelele iliyo mashuhuri kuliko zote ni mvumo mzito wa chini, na huo una noti yake. Umeme wa Tanzania, uwe unatoka katika mitambo ya Hale wilayani Korogwe, iliyojengwa mwaka 1964 yenye uwezo wa megawati 21 kwa nguvu ya maji ya mto Pangani, au katika bwawa jingine lolote lililoungwa na gridi, hugeuka mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Na ndani ya amplifaya, baada ya mkondo huo kunyooshwa, huzaliwa mtetemo wa mara 100. Bonyeza uzi wa sita wa gitaa lililotuniwa sawasawa kwenye freti ya tatu: utapata noti ya G, yenye mitetemo 98. Ukisikia kelele inayokaribia sana noti hiyo, huku imezidi juu kidogo, kelele hiyo imetoka katika kuunyoosha umeme ndani ya chombo. Na ikiwa ni ile G ya chini zaidi, ambayo besi huipata kwa uzi wake wa nne kwenye freti ya tatu, yamkini koili ya pikapu inaunasa umeme wa nyumba kutoka hewani, ingawa kitanzi cha nyaya, nitakachokieleza mbele, nacho huvuma kwa sauti hiyohiyo.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Koili hiyo haibagui uga wa sumaku unaotikiswa na uzi na ule unaotikiswa na transfoma ya amplifaya au na mota ya friji ya soda iliyo nyuma ya ukuta. Vyote viwili huvigeuza kuwa umeme. Wenye pikapu za koili moja wajaribu jambo hili: wasimame mahali walipozoea, wageuke taratibu kuume na kushoto huku gitaa li begani, na watasikia mvumo ukipanda na kushuka, mpaka ufike upande mmoja ambapo karibu unatoweka. Upande huo ndio wa kusimama. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliomba hataza mwaka 1955 kwa ajili ya pikapu yenye koili mbili zilizosukwa kinyume na kuwekewa sumaku zilizogeuziana. Sauti ya uzi hujumlishwa katika koili zote mbili, ilhali mvumo wa nje huingia katika moja kinyume cha nyingine, ukajifuta wenyewe. Pikapu hizo zina sauti nene kidogo, na si kila mpigaji wa solo ya Kitanga angeipenda; walakini katika ukumbi wenye transfoma nyingi zina faida kubwa.

Mlio mwingine ni ule mkali, wenye mkwaruzo, unaopungua pindi mkono unapozigusa nyuzi. Watu wengi huona kupungua huko kuwa ni dalili ya ubovu, lakini sivyo. Mwili wa binadamu huupokea umeme uliotawanyika hewani kutoka nyaya za ukutani, taa za LED za bei rahisi na zile taa za rangi za kumemeta zinazopambia kumbi za harusi, kisha huusogeza karibu na pikapu. Mkono ukigusa nyuzi zilizounganishwa na ethi ya chombo, mwili hutulia. Kinachohitaji matengenezo ni gitaa ambalo mlio wake hauna tofauti yoyote linaposhikwa na linapoachwa, au ambalo mlio wake huzidi unapoligusa. Fungua kifuniko cha nyuma au cha mbele, uutafute waya mmoja mwembamba unaokwenda hadi chini ya daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi. Katika magitaa yaliyopigwa miaka mingi katika joto la bonde la Pangani nimeuona waya huo umeota kutu ya kijani kwa jasho na unyevu, umeshikilia kwa uzi mmoja wa shaba. Weka ncha moja ya mita kwenye uzi wa gitaa na nyingine kwenye chuma cha nje cha tundu la jeki. Ukinzani usizidi omu moja au mbili. Ukizidi, kwangua, lehemu upya, ufunike.

Baada ya hapo, tundu lote lenye koili na voliumu livikwe ndani utepe wa shaba au karatasi ya alumini, iliyoungwa na ethi, kwa kuwa Michael Faraday alikwisha kuonyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa metali huuzuia umeme wa nje usiingie. Hadhari iko moja: utepe usiguse ncha ya moto ya jeki, kwani ukiigusa gitaa litanyamaza kabisa, na mwenyewe atadhani ameliua. Utepe huu hautauzuia mvumo wa transfoma, maana uga wa sumaku hupenya shaba nyembamba bila taabu. Simu nayo ikae mbali na pedali. Zile za mtandao wa zamani wa 2G hurusha mawimbi mara 217 kwa sekunde, na mkoromo wake husikika spikani kabla simu yenyewe haijalia.

Sasa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni ethi ya nyumba. Itokeapo kwamba amplifaya ya gitaa imechomekwa upande mmoja wa ukumbi na mixa upande wa pili, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, ethi za soketi hizo mbili haziko sawasawa, na tofauti hiyo ndogo hupitisha mkondo katika ganda la waya wa sauti. Kitanzi hicho huvuma. Mpigaji aliyechoka akivunja pini ya ethi ya plagi, au akisukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, mvumo hukoma papo hapo, naye hufurahi. Kumbe ameondoa kinga ya uhai wake. Siku waya wa moto utakapogusa bodi ya amplifaya, nyuzi za gitaa zitakuwa na volti 230, na midomo yake itakuwa inakaribia kipaza sauti kilichoungwa na ardhi. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows kutoka Uskoti, alifariki kwa kupigwa na umeme jukwaani huko Swansea mwezi wa Mei 1972.

Handeni hatari hii ina sababu ya ziada. Ardhi kavu huwa na ukinzani mkubwa, na katika kiangazi fimbo ya ethi iliyopigwa kwa haraka kando ya ukumbi inaweza kuwa ni chuma tu kilichosimama udongoni, kisichopokea mkondo wa kutosha kukata fyuzi. Kumwagia maji mahali ilipozikwa husaidia kwa siku ile. Lakini kinachofaa kwa ukumbi wowote ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30, ambacho hukata hata pale fyuzi isipohisi kitu. Na kabla ya kuimba, mita iwekwe kwenye volti za mkondo geu, ncha moja iguse nyuzi na nyingine iguse kichwa cha kipaza sauti. Ikisoma zaidi ya volti chache, asiimbe mtu.

Tiba halali ya kitanzi ni kuchota umeme wote wa sauti katika soketi moja, kwa ekstensheni nene yenye ethi kamili. Na palipo lazima nyaya zivuke ukumbi, kutumia kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi inayokata ganda la waya wa sauti, si ethi ya umeme.

Pedali nazo zina mlango wao. Nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi, na kwa kubana matumizi watu huzilisha zote kwa adapta moja yenye mkia wa vichwa vingi. Pedali ya mwangwi ya dijitali hurudisha uchafu wake katika mkia huo, na pedali ya kukwaruza sauti iliyo jirani huupokea na kuukuza. Ndipo unaposikia mlio mwembamba wa juu usiohusiana na noti yoyote. Mtie kila mtuhumiwa betri ya volti 9, mmoja mmoja. Mlio ukitoweka, pedali haina kosa: adapta ndiyo yenye kosa, na dawa ni chanzo cha umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mengine.

Inabaki ile "sss" isiyokoma. Hiyo haitoki nje: J. B. Johnson alichapisha vipimo vyake mwaka 1928, akionyesha kwamba kila kinzani lenye joto hutoa kelele kidogo, na haiwezekani kuiondoa yote. Kinachowezekana ni kutoikuza bila sababu. Kama vile tope linaloingia mtoni juu ya Korogwe lifikavyo Hale, kelele ya chombo cha kwanza hupita katika vyombo vyote vinavyofuata. Kwa hiyo gitaa lenyewe lipewe voliumu ya kutosha, na pedali za nyuma zisilazimishwe kufidia unyonge wake.

Hapo ndipo pedali ya kuzimisha kelele inapopata nafasi yake, baada ya pedali ya kukwaruza na kabla ya mwangwi, ikiwekwa chini kadiri iwezekanavyo, kwani ikibana mno itakata mikia ya noti, na noti za solo hukaa muda mrefu katika mikia yake kuliko katika mguso wa kwanza. Anayepiga kwa sauti safi hatakuwa na haja nayo. Na kila mpigaji afike ukumbini mapema, amwulize mwenyeji ni soketi ipi inayolisha friji, naye achague nyingine.