Kuku Anayeatamia: Aachwe Alalie Mayai au Arudishwe Kutaga?

Kaya nyingi za vijijini hutegemea kuku wa asili kwa mahitaji yasiyongoja msimu wa mavuno: daftari la mwanafunzi, sabuni, nauli ya kwenda zahanati. Ndiyo maana mfugaji huingiwa na wasiwasi anapomkuta koo wake bora amejikita kiotani, hatagi, hali sawasawa, naye amevimbisha manyoya na kumdonoa kila anayemkaribia. Baadhi ya wafugaji humdhania mgonjwa. Wengine humwona mkaidi, wakamtumbukiza katika ndoo ya maji, wakamfunga kamba mguuni au kumnyonyoa manyoya ya kifua. Adhabu hizo humuumiza ndege bila faida, kwa kuwa anachokifanya hakitokani na ukaidi. Mwili wake umebadilika, na mabadiliko hayo yana utaratibu unaoweza kueleweka na kuongozwa.

Kinachotokea mwilini

Kuku anapokwisha kutaga mayai kadhaa na kuanza kuyakalia, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wake huongeza homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo inapopanda, zile zinazoendesha utagaji hupungua, ovari husinyaa na mayai hukoma. Manyoya ya tumboni hupukutika, ngozi ikabaki wazi na yenye joto ili igusane na mayai. Kuku hushuka kiotani kwa muda mfupi tu kwa siku, akala na kunywa kidogo, akatoa kinyesi kikubwa kwa mkupuo mmoja, kisha akarejea.

Kinachoidumisha hali hiyo ni kiota chenyewe: giza, joto na mguso wa mayai chini ya tumbo. Maadamu vitu hivyo vipo, prolaktini hubaki juu. Vikiondolewa kwa siku kadhaa mfululizo, hushuka, na mwili hurejea katika utagaji.

Kumtofautisha na mgonjwa

Kuku anayeatamia huwa mkali na macho yake ni maangavu. Kuku anayezubaa, aliyelegeza mabawa, anayekohoa au kuharisha kinyesi cha kijani, huenda ana mdondo au maradhi mengine, naye hutengwa mara moja. Aidha, kuku anayekaa kiotani huku akijikamua mara kwa mara bila yai kutoka, mkia ukiwa umeshuka na hatua zikiwa nzito, huenda amekwamwa na yai. Hali hiyo inaweza kumuua kwa muda mfupi, na ofisa mifugo wa kata apaswa kuarifiwa siku hiyohiyo.

Hesabu ya mzunguko

Kuku wa asili kwa kawaida hutaga mayai 10 hadi 15, huyaatamia kwa siku 21, kisha hulea vifaranga kwa miezi miwili au mitatu. Akiachwa aendeshe mambo yote mwenyewe, hukamilisha mizunguko mitatu hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mwaka huo hupita bila yai hata moja. Kaya yenye kuku watano wanaoatamia kwa zamu isiyopangwa hujikuta haina mayai ya kutosha wala vifaranga wa rika moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kaya inahitaji vifaranga kwa sasa, au inahitaji mayai? Jibu lipatikane katika siku za mwanzo, kwani kadiri kuku anavyozidi kukaa kiotani ndivyo anavyochukua muda mrefu zaidi kurudi kutaga.

Anayeachwa aatamie

Achaguliwe kuku mwenye afya, mwenye umbo la kutosha kufunika mayai, na aliyewahi kulea vizuri. Apewe mayai 10 hadi 13 yaliyotagwa katika kundi lenye jogoo, yasiyozidi siku 7, ambayo hayakuoshwa na yalihifadhiwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Kiota kiwe mahali tulivu na pakavu, kinyunyiziwe majivu kupunguza utitiri, na chakula pamoja na maji viwe karibu ili asikonde kupita kiasi. Siku ya 7 mayai yapimwe usiku kwa mwanga wa tochi: yenye kiinitete huonyesha mishipa ya damu, na yaliyo meupe ndani huondolewa.

Mwenye kuku kadhaa hufaidika zaidi akiwaanzisha pamoja. Anayetangulia kuatamia hupewa yai moja au mawili yasiyokusudiwa kutotolewa, yaliyowekewa alama, ili aendelee kukaa huku wenzake wakisubiriwa kwa siku chache. Wanapokuwa tayari, wote huwekewa mayai usiku mmoja. Vifaranga wakizaliwa pamoja, huchanjwa, hulishwa na huuzwa pamoja, na kuku mmoja au wawili wanaweza kulea vifaranga wa wote. Wale walionyang'anywa vifaranga hurudi kutaga mapema. Hata kwa anayelea, vifaranga wakitengwa baada ya wiki 4, wakiwa na banda salama lisilofikiwa na mwewe na lenye joto la kutosha usiku, mzunguko hupungua kwa wiki kadhaa.

Anayerudishwa kutaga

Mayai yaokotwe kila siku, na kuku atolewe kiotani jioni ya siku ileile dalili zinapoonekana. Awekwe katika kizimba kilichoinuliwa, chenye sakafu ya fito au waya inayopitisha hewa chini ya tumbo lake, mahali penye mwanga na kivuli, pasipo majani makavu wala kona ya giza. Apewe chakula kamili na maji safi muda wote. Kumnyima chakula humdhoofisha na kuchelewesha mayai anayotakiwa kutaga. Siku 3 hadi 5 kwa kawaida hutosha. Akifunguliwa na kwenda moja kwa moja kiotani, arudishwe kizimbani siku mbili zaidi. Mayai hutarajiwa tena baada ya wiki moja hadi tatu.

Wafugaji wa kuku wa kisasa wa mayai na baadhi ya chotara wafahamu kuwa ndege hao ni nadra kuatamia, kwa sababu tabia hiyo imepunguzwa kwa uteuzi wa vizazi vingi. Wakitaka vifaranga, watahitaji koo wa asili au mashine ya kutotolesha.

Chanjo na ushauri

Mpango wowote wa kuatamisha hupotea iwapo mdondo utaingia bandani. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na kustahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Vifaranga na kuku wakubwa hupewa kipimo kilekile. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wanashauriwa kuandikisha idadi ya kuku wao pamoja na kupanga siku moja ya uchanjaji. Ofisa mifugo wa kata hutoa maelekezo ya chanjo hiyo, huonyesha namna ya kutengeneza kizimba cha fito, na husaidia kaya kupanga kalenda ya kuatamisha kulingana na idadi ya kuku walionao. Mfugaji aendapo kuonana naye achukue kumbukumbu ya tarehe ambazo kuku wake walianza kutaga na kuatamia, hata kama imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa banda na kunakiliwa kwenye karatasi.