NYANYA: HASARA HUANZA KITALUNI, SI SOKONI

Mfanyabiashara wa nyanya huangalia bei ya tenga, nauli ya lori na idadi ya magari yaliyoingia sokoni alfajiri. Mambo hayo ni ya lazima, lakini huja mwishoni. Kiasi cha mzigo kitakachopatikana huanza kuamuliwa miezi mitatu hadi minne kabla, wakati mche ungali na majani manne na unene wa njiti ya kiberiti. Anayetoa fedha kwa mkulima kabla ya kuona kitalu ananunua asichokijua.

Hesabu ni nyepesi. Katika eneo kama Ilula, wilayani Kilolo, ambako nyanya hupakiwa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya, ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50 huchukua karibu miche 9,000. Wadudu wakiangusha mche mmoja katika kila mitano, mapengo ni 1,800. Kodi ya shamba, kulima na mbolea ya kupandia vimekwisha kulipiwa kwa ekari nzima. Mapengo yakizibwa kwa miche iliyosiwa upya, nayo huiva wiki kadhaa baada ya mingine. Mzigo hutoka kidogo kidogo, na lori huondoka nusu tupu.

Maadui watatu

Wa kwanza ni sota. Huyu ni kiwavi mnene wa kijivu anayejificha udongoni mchana na kutoka usiku kukata shina usawa wa ardhi. Mkulima hukuta miche imelala asubuhi kana kwamba imekatwa kwa wembe. Sota mmoja anaweza kukata miche kadhaa kwa usiku mmoja.

Wa pili ni inzi mweupe. Ni mdogo, urefu wake ni kama milimita moja, na hukaa chini ya jani. Hatari yake kubwa ni virusi anavyobeba, vinavyokunja majani na kuyafanya manjano; baadhi ya wakulima huuita ugonjwa huo rasta. Hauna dawa. Mche ulioambukizwa kitaluni hudumaa na huzaa kidogo sana au hauzai kabisa.

Wa tatu ni kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2014. Nondo wake mmoja wa kike anaweza kutaga mayai hadi 260. Viwavi hula nyama ya jani kwa ndani na kuacha mabaka yanayopitisha mwanga, kisha huingia kwenye tunda. Amezoea dawa nyingi, na mara nyingi huingia shambani akiwa juu ya miche iliyonunuliwa.

Kinga na gharama yake

Dhidi ya sota, shamba hulimwa na kusafishwa magugu wiki mbili hadi tatu kabla ya kupandikiza, ili viwavi waliomo wakose chakula na waonwe na ndege. Siku ya kupandikiza kila mche huzungushiwa kola ya karatasi ngumu au ganda kavu la mgomba, ikizama udongoni sentimita mbili au tatu na kusimama sentimita tano juu. Mche ukikutwa umekatwa, kibarua afukue udongo palepale. Mara nyingi sota hukutwa amejikunja karibu na shina. Majivu ya kuni husaidia kidogo, lakini mvua moja huyaondoa.

Dhidi ya inzi mweupe na kantangaze, kinga ya kwanza ni kufunika kitalu kwa wavu kuanzia siku ya kusia. Hapa wengi hukosea. Chandarua cha kawaida cha mbu huzuia nondo, lakini matundu yake ni makubwa na inzi mweupe hupenya. Panatakiwa wavu wenye matundu madogo zaidi, uliofukiwa kingo zote. Kitalu kiwe mbali na nyanya za zamani. Mabaki ya msimu uliopita yang'olewe na kufukiwa au kuchomwa.

Mwarobaini ni msaada wa bei nafuu. Gramu 500 za mbegu zilizotwangwa hulowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, huchujwa na kupuliziwa jioni, kwa kuwa jua kali huziua nguvu. Anayetumia dawa za dukani ahakikishe zimesajiliwa. Tanzania, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Aina ya dawa ibadilishwe, kwani kurudia ileile huwafanya wadudu waizoee.

Bima iliyo rahisi kuliko zote ni kusia asilimia 10 zaidi. Kwa ekari moja hiyo ni miche 900 ya akiba yenye umri sawa na mingine. Pengo likizibwa ndani ya wiki ya kwanza, shamba huiva pamoja.

Kabla ya kutoa fedha

Mwenye mtaji afike kitaluni wiki ya tatu au ya nne baada ya kusia. Ageuze majani na kutazama chini yake. Ayainue kwenye mwanga kutafuta mabaka. Aulize wavu uliwekwa lini, shamba lililimwa lini, na miche ya akiba ni mingapi. Majibu yakiwa mabaya, apunguze kiasi anachotanguliza au asubiri kitalu kingine.

Mchumo wa kwanza huja siku 70 hadi 90 baada ya kupandikiza. Anayengoja tenga lifike Ilala ndipo aulize habari za shamba, huwa amechelewa kwa miezi mitatu.