Kutu Isiyozeeka

Kwenye mitaro inayopokea maji ya kinamasi mara nyingi hulala utelezi wa rangi ya chungwa. Juu yake huelea utando unaometa, na wapita njia hudhani gari limemwaga dizeli. Uchokoe kwa kijiti: mafuta hujiunga tena, utando huu hukatika vipande vipande. Ni chuma kilichokutana na hewa, mara nyingi kwa msaada wa bakteria. Sehemu kubwa ya utelezi ule ni ferihidraiti, kutu changa.

Ni changa kwa sababu atomi zake bado hazijajipanga vizuri. Chembe zake zina upana wa nanomita chache tu, na kwa udogo huo gramu moja huweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 200. Uso huo hunasa fosfati, aseniki na metali mbalimbali. Lakini ukiiacha ferihidraiti kwenye maji safi, haitulii. Huenda ikayeyuka kidogo kidogo, chuma chake kikajijenga upya kuwa fuwele za gothaiti, zenye rangi ya kahawia iliyokolea njano. (Jina ni la Goethe, mshairi Mjerumani aliyekuwa pia mkusanyaji mkubwa wa mawe.) Au chembe hushikamana, hupoteza maji na kujipanga upya kwa ndani kuwa hemataiti nyekundu. Fuwele zikikua, uso hupungua, na sehemu ya vilivyonaswa inaweza kurudi majini.

Maabarani, katika joto la kawaida, mabadiliko hayo huchukua wiki au miezi. Ukiongeza chuma kilichoyeyuka, kile kisichokutana bado na oksijeni, huweza kwisha kwa siku chache, hata saa. Mtaroni mambo ni tofauti, kwa sababu kutu ya huko si safi hata kidogo.

Silika ndiyo ya kwanza kuichafua. Miamba inapochakaa, maji hubeba asidi ya silika, nayo hung'ang'ania uso wa ferihidraiti, molekuli zake zikiungana kuwa utando. Chuma kilicho chini ya utando huo hakiyeyuki kwa urahisi, na gothaiti, inayotegemea uyeyukaji huo, hukosa malighafi. Silika ikiwapo tangu kutu inapoundwa, huzuia kwa nguvu zaidi, maana chembe hazipati nafasi ya kukua wala kujipanga.

Mboji nayo huzuia. Asidi zake hujifunga kwenye chuma, na zikinaswa ndani ya kutu inapoundwa, fuwele huchelewa sana. Kutu nayo huilinda mboji isiozwe haraka. Ndiyo maana watafiti wa kaboni ya udongo wanaifuatilia kutu hii kwa karibu.

Hayo ni pale penye hewa. Shamba la mpunga likifurika, iwe Mwea, Mbarali au Bangladesh, oksijeni huisha upesi udongoni. Bakteria kama Geobacter hula mabaki ya mimea na, badala ya oksijeni, hukabidhi elektroni kwa chuma cha kutu. Chuma huyeyuka, na hicho ndicho kichocheo tulichokiona maabarani. Mboji ileile iliyokuwa ikiichelewesha kutu sasa inalisha wanaoibomoa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mboji huzuia mabadiliko ya kutu, swali langu la kwanza ni kama shamba lilikuwa na maji.

Kutu inayobomolewa huachia fosfati, ambayo mpunga unaihitaji, na aseniki pia pale ilipo. Wakati huohuo mizizi ya mpunga huvujisha oksijeni, na kutu mpya huganda juu yake kama gamba la rangi ya chungwa. Hapo silika hurudi kwa sura mbili: hugombania nafasi na aseniki kwenye gamba hilo, na hugombania pia milango ileile ya mzizi, kwa kuwa aseniki ya udongo usio na hewa hupitia njia ambazo mpunga hutumia kufyonza silika. Makapi ya mpunga yana silika nyingi. Mkulima anayeyarudisha shambani anaongeza silika ndani ya maji na chakula cha bakteria kwa mkupuo mmoja. Akiyachoma kwanza, silika hubaki kwenye majivu na sehemu kubwa ya chakula hicho huondoka.